Udongo wa Heha

Mimi si mtu wa milima. Nilizaliwa Uvira, ambako mlima uko nyuma ya nyumba na ziwa liko mbele, na kila mwenye akili hutazama mbele. Nilipoolewa Bujumbura nilifurahi kukuta mambo yamepangwa vivyo hivyo: ziwa chini, milima juu, watu katikati wakihangaika na shughuli zao. Nina duka la vitenge kule Asiatique, nyumba Ngagara, na bwana ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake. Kwa hiyo asije mtu akadhani nitamsifia hewa safi. Mlima Heha nimeupanda mara moja, mwanzoni mwa kiangazi, kwa ajili ya yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, na sina mpango wa kuupanda tena.

Lazima nianze na klabu. Mjini kwetu, asubuhi za mwisho wa juma, watu hutoka kwa makundi kufanya michezo. Wengine hukimbia, wamevaa sare, wanaimba na kupiga makofi hadi unaamka hata kama hukutaka. Klabu yetu ni ya watembeaji, maana yake ni ya watu walioambiwa na daktari wapunguze chumvi. Kuna muuguzi, kuna walimu wawili wa shule moja wasioongea wao kwa wao, kuna wafanyabiashara kama mimi wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima. Kiongozi wetu ni mzee aliyestaafu kwenye wizara moja huko Rohero. Tunamwita Prezida, naye huitika haraka kidogo kuliko inavyofaa.

Mvua zikishakatika, kabla majani hayajakauka, malisho ya huko juu Heha hujaa maua. Siku hizi imekuwa desturi: kwaya, wanafunzi wa vyuo, wazungu wa mashirika, kila kundi linapanda asubuhi, linapiga picha, linashuka jioni na kujisifu juma zima. Klabu yetu ilikuwa imepanga kwenda mwaka uliotangulia, lakini mafuta yalikosekana na tukaishia kuzunguka uwanja wa mpira. Mwaka huu Prezida akampata mwenye basi dogo aliyekuwa ameweka mazutu yake, yaani dizeli, akiba, Mungu anajua wapi, na safari ikawa safari.

Kisha akatushonea fulana. Klabu ilikuwa inatimiza miaka kumi, na Prezida alitaka tuonekane. Fulana zilikuwa nyeupe, na kifuani kulikuwa na picha yake mwenyewe, amevaa suti na tai, ametazama mbali kidogo kama mtu anayeitwa. Chini ya picha uliandikwa mwaka klabu ilipoanzishwa, kistari, na mwaka huu.

Nilipoishika ya kwangu niliigeuza mbele na nyuma. Ninauza vitambaa, nimewavika watu wa harusi na wa misiba. Hapa kwetu mtu akifa, jamaa zake wakiwa na uwezo huchapisha fulana kama hizo hizo: picha, mwaka, kistari, mwaka.

"Prezida," nikamwambia, "hii iko na sura ya matanga."

"Mama, we unauza vitenge. Hii ni mambo ya komunikasyo."

Basi nikaikunja nikaitia mkobani. Kwa hesabu ya fulana ile, marehemu alikufa akiwa na miaka kumi na masharubu juu.

Sasa yaya. Ananizidi miaka mingi, ndiye aliyenibeba mgongoni wakati mama yetu yuko sokoni. Aliolewa Bujumbura kabla yangu, na mume wake alikuwa Mrundi wa hapa hapa Ngagara, fundi wa magari, mtu wa mizaha ambaye hakuweza kukusalimia bila kukutania. Kazi ilipopungua akavuka kwenda Kongo kuchimba dhahabu, kama walivyokwenda wengi. Siku moja baada ya mvua kubwa shimo likaporomoka. Wenzake waliokuwa nje walitufikishia habari pamoja na koti lake. Hawakuweza kumtoa. Mlima ulikuwa bado unatembea, walisema, kwa hiyo waliliacha shimo lile na kuhamia jingine.

Hapa Burundi mkitoka makaburini hamwendi moja kwa moja nyumbani. Mnakusanyika mahali, kwenye ukumbi au kwenye ua wa ndugu, na kabla ya hotuba na kinywaji mnanawa mikono, kuondoa udongo wa kaburi. Shughuli yote watu huiita hivyo, kunawa. Utasikia mtu anauliza, "Mutanawia wapi?" kama anavyouliza sherehe iko wapi. Ukishanawa, marehemu amekuwa marehemu. Mkewe ni mjane, watoto ni yatima, majirani wanajua la kusema.

Kaka mkubwa wa yule bwana, ambaye sote tunamwita shemeji, ndiye kichwa cha ukoo wao. Tulipokusanyika kwake kuuliza matanga yatakuwa lini, alitutazama mmoja mmoja.

"Munawe nini?" akasema. "Nani kati yetu ameshika udongo? Mi sijaona maiti. Mi sinawi."

Hatukunawa. Na neno la shemeji likawa sheria. Yaya hakutandikiwa mkeka, hakuvaa nguo ya msiba. Alipokwenda parokiani kuomba misa ya marehemu, shemeji akafika nyuma yake akaomba iwe misa ya kuwaombea wasafiri. Zaidi ya mwaka mzima dada yangu hakuwa mke wala mjane. Wateja dukani, maana alikuja kunisaidia duka, walimuuliza, "Na bwana anasemaje uko Kongo?" naye alijibu, "Bado." Bado nini, hakuna aliyeuliza. Kila Jumamosi alitoa shati za mume wake kabatini akazipiga pasi zote, akazirudisha. Nguo zisizovaliwa hazikunjamani, lakini nani angemwambia?

Nilimchukia shemeji. Nasema wazi. Nilikuwa nikimwona mtaani anakuja na mkongojo wake, ninavuka barabara. Yaya hakumchukia. Yaya hakulia pia, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanamke yule yule aliyelia siku tatu paka wake alipogongwa na pikipiki sasa alikuwa anakaa nyuma ya meza ya duka, anakunja vitenge, macho makavu. Alikuwa amekonda hadi pete inamtoka akiosha vyombo. Muuguzi wa klabu yetu alimwona dukani akaniita pembeni.

"Yaya yako atafuata bwana yake," akaniambia. "Mutu akikosa kulia, kilio kinamukula ndani."

Ndiyo sababu nilimwandikisha safari ya Heha bila kumuuliza. Sikuwa na hekima yoyote kubwa kichwani. Nilitaka tu atoke dukani siku moja, aone kitu ambacho si kitenge.

Tuliondoka Ngagara alfajiri, wote na uso wa Prezida kifuani, Prezida mwenyewe pia na uso wa Prezida kifuani. Basi lilipanda barabara ya Ijenda likikoroma, na kila kona baridi ikaongezeka. Watu wa Bujumbura tunajua baridi ya friji tu. Kufika juu kila mtu alikuwa ametoa alichokuwa nacho: sweta, shali, taulo. Mwalimu mmoja alijifunga kitambaa cha meza tulichobebea chakula, na yule mwenzake asiyeongea naye akalazimika kucheka, akaharibu ugomvi wa miaka.

Dereva alituacha njia inapoanzia, tukapita kwenye mashamba ya viazi na kabichi, kisha chini ya mikaratusi, kisha miti ikaisha. Prezida alitangulia na filimbi mdomoni. Kila tulipoomba kupumzika alitukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, kisha akaongeza mwendo. Mimi nilihesabu dhambi zangu. Mapafu yangu ni ya usawa wa ziwa, hayakuandaliwa kwa mambo yale. Yaya, ambaye hajawahi kufanya mchezo wowote maishani mwake, alikuwa mbele yangu anapanda polepole bila kusimama, mikono nyuma kama anakwenda kumtazama mgonjwa.

Halafu tukafika, na hapa nakiri. Palikuwa pazuri. Nilikuwa nimejiandaa kudharau, nikashindwa. Malisho yamekwenda mpaka yanakutana na mawingu, na ndani ya majani kila rangi. Kulikuwa na maua mekundu yaliyosimama wima kwenye shina moja, ya zambarau madogo chini chini ambayo unayakanyaga kabla hujayaona, na mengi kuliko yote yalikuwa ya njano, magumu, makavu, ukiyashika vidoleni yanalia kama karatasi. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa katikati wanakula majani na kuyazunguka yale ya njano kwa adabu. Mwenye ng'ombe, mwanamume aliyevaa koti refu la mvua, alitutazama tukiyapiga picha maua yake, akamwambia Prezida kwa Kirundi kwamba tuchume tunavyotaka, ng'ombe hawayali na yenyewe hayaharibiki. Ukiyaweka ndani ya nyumba, akasema, mwaka mzima yatabaki hivyo hivyo.

Watu wa klabu hawakungoja aseme mara ya pili. Wakachuma kama wanaolipwa.

Tulikula pale pale, chapati, mayai, ndagala wa kukaanga, ndio dagaa wa ziwa letu, chai kwenye chupa. Mawingu yakafunguka upande wa magharibi, tukaona ziwa lote chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo, bluu, mmoja nyuma ya mwingine. Wenzangu wakaanza kuonyeshana Uvira iko wapi. Yaya alisimama akatazama.

"Ni kule?" akaniuliza.

Nilijua anauliza nini. "Ni nyuma ya kule," nikamwambia. "Mbali sana. Apana onekana."

Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye chakula, akachukua kijiko, akamwaga chumvi iliyokuwa imebaki ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaenda na kopo lile pembeni kidogo. Akapiga magoti, akaanza kuchimba ua moja la njano na mizizi yake.

Nilimfuata. "Yaya, hii aiwezi kaa Ngagara. Itakufa na joto."

"Najua."

"Sasa unachimba ya nini?"

"Niache nichimbe."

Kijiko kikapinda. Akakiweka chini akaendelea na vidole. Udongo wa kule ni mweusi, mzito, wa baridi, ukiushika unabaki mkononi. Alichimba muda mrefu kuliko ua moja linavyohitaji, mpaka shimo likafika kwenye kiwiko. Wenzetu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani huku wanafunga vifurushi vya maua, hakuna aliyetutazama. Alipomaliza akaliweka ua kwenye kopo, akalijaza udongo, akalikumbatia hivyo hivyo na mikono yake michafu. Maji tuliyobeba yalikuwa yamekwisha, tukashuka.

Chini, Prezida alipatwa na furaha iliyozidi. Akafunga maua mbele ya basi, kwenye vioo vya pembeni, akachomeka mengine kwenye kila dirisha. Alisema tunaingia mjini kama washindi. Miguu ilikuwa imetuishia, kwa hiyo nyimbo zenyewe zilitoka taratibu, za kuvuta, unajua jinsi watu waliochoka wanavyoimba. Basi likaanza kuteremka.

Kwenye senta moja ya barabarani Prezida akamwambia dereva asimame, kuna mishikaki mizuri. Ni mahali pa kawaida tu: baa yenye viti nje, wauza viazi, vijana wa baiskeli wanaopumzisha breki zao kabla ya mteremko. Nikaona kupitia dirishani kwamba watu wanasimama. Wanaume waliokuwa wamekaa na chupa zao wakainuka, wakavua kofia. Mmoja aliyebeba kabichi kwenye baiskeli akashuka, akaiegemeza, akainamisha kichwa. Mtu akazima redio.

Prezida alifurahi sana. "Munaona?" akasema. "Watu ya mulima iko na heshima." Akafungua dirisha, akawapungia mkono.

Hakuna aliyempungia. Wakaendelea kusimama kama kanisani. Basi likatulia, mlango ukafunguka, na Prezida, kiongozi mwema, akatangulia kushuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha alikuwa ametukaribia kwa uso wa huruma, anataka kumshika mkono wa kwanza atakayeshuka. Akatazama fulana. Akatazama uso juu ya fulana. Akatazama tena fulana.

"Yesu wangu!" akapiga kelele, na sinia la mayai likaenda upande wake na yeye upande wake.

Prezida akageuka nyuma aone ni kitu gani kimemtisha mama wa watu. Hapakuwa na kitu nyuma yake, tulikuwa sisi tu, safu nzima ya nyuso zake. Hapo ndipo akajitazama kifua. Nilimwona anasoma, mwaka, kistari, mwaka, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Mi niko muzima!" akalia. "Mama, mi niko muzima! Ni klabu! Ni michezo!"

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mlango. Sote tulicheka. Wanaume wa baa nao wakaelewa, wakaanza kucheka, mmoja wao akaenda kumgusa Prezida begani kuhakikisha. Mayai yakaokotwa, klabu ikayanunua yote, yaliyopasuka na mazima. Wakatueleza, wakifuta machozi ya kucheka, kwamba waliona basi limejaa maua, watu wamevaa nguo nyeupe zenye picha, wanaimba polepole, wangedhani nini? Hakuna mjinga aliyefungia basi maua mengi hivyo kwa sababu ya afya.

Mwenye baa akatoka ndani anapangusa mikono na kanga, mwanamke mnene wa rika langu. Aliwahi kufanya biashara mjini, Kiswahili anakijua. Alikuwa amesikia kelele, hakuona mwanzo.

"Sasa kama mwenyewe iko muzima," akauliza, bado anatabasamu, "hii maua yote ni ya nani?"

Prezida alifungua mdomo kueleza tena.

"Ni ya bwana yangu," akasema yaya.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa basi, kopo kifuani. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. Kicheko kikakatika. Kwa muda wote ule sikuwa nimemsikia akilisema hata nusu yake.

Mwenye baa hakushtuka. Akamsogelea. "Mumetoka kumuzika?"

"Apana. Alifukiwa na udongo uko Kongo. Akuna mutu alimuzika. Atukunawa."

Nilingoja yule mama aseme yale ambayo watu wote husema: pole, huenda yuko hai, Mungu ni mkubwa, subirini. Hakusema hata moja. Alishusha macho akatazama mikono ya yaya, iliyokuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko, na udongo umekauka ndani ya kucha. Akageuka akaita ndani kwa Kirundi waletewe maji.

Likaletwa beseni la plastiki, la kuoshea glasi. Na jagi. Akalipokea kopo kutoka kwa yaya, akaniwekea mimi mikononi, akamkalisha yaya kwenye kiti kilichokuwa na mto. Kisha akainama, na uzito wake wote ule, akammwagia maji. Udongo wa Heha ukatoka polepole, maji yakawa meusi. Wale wanaume waliokuwa wamekaa tena wakasimama tena, na safari hii hawakuwa wamekosea.

Yaya alianza kulia maji yakiwa bado yanamwagika. Siwezi kukieleza kile kilio. Kilikuwa cha mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito akiambiwa kila siku ashike vizuri, hatimaye mtu amemwambia tua. Muuguzi akamshika bega moja, mimi lingine, nami nikalia kwa sauti bila aibu, kopo limenimwagikia kwenye sketi.

Baada yake tulinawa sote, mmoja mmoja. Mikono yetu pia ilikuwa na udongo, tulikuwa tumeshika mlima siku nzima. Prezida alipofika kwenye beseni alikuwa ameivaa fulana yake ndani nje, ili uso wake usionekane. Akamuuliza yaya jina la mume wake. Yaya akalitaja. Na Prezida, ambaye sijawahi kumwona akiachia nafasi ya hotuba ipite, alisimama akasema maneno machache tu: kwamba mtu huyu alikuwa fundi, alikuwa mume, alikwenda kutafuta chakula cha nyumba yake, hakurudi, na sisi tuliopo ndio tumemsindikiza. Akalitaja lile jina mara ya pili, akakaa.

Mwenye baa akampa yaya kinywaji cha kwanza, kama inavyotakiwa. Watu wa senta wakapita mmoja mmoja kumpa mkono. "Mwihangane," wakamwambia, yaani vumilieni, watu ambao hawajui hata anakaa mtaa gani. Mwanamke wa mayai naye akaja. Wanasema kifo cha wengi harusi. Mishikaki ililiwa, hadithi za yule bwana zikatoka, maana wawili wa klabu alikuwa amewatengenezea magari na kuwatania pia. Yaya akacheka mara moja, machozi bado yanashuka. Tulipoondoka aliwaachia maua yote ya basi. Alibaki na kopo.

Ngagara habari hazihitaji mafuta. Shemeji alijua kabla ya juma kwisha. Alikuja kwa yaya Jumamosi mchana, nami nikiwa pale, mkongojo unagonga sakafu ya baraza kabla yake mwenyewe hajaingia. Pasi ilikuwa imefungwa kabatini na shati za marehemu zilikuwa zimekunjwa kwenye mfuko karibu na mlango, kwa ajili ya wadogo zake, kama desturi inavyotaka. Aliuona ule mfuko. Nilisimama mlangoni na maneno yangu tayari, nimeyapanga usiku na mchana, na mengine hayaandikiki.

"Nimesikia munanawa njiani," akasema bila salamu. "Kwa baa. Na watu wasiojua yeye ni nani. Munamuzika mudogo yangu kwa baa!"

"We ulikataa kumuzika kwa nyumba," nikamjibu.

"Leka," akaniambia yaya, yaani acha. Akaenda uani akarudi na lile kopo. Ua la njano lilikuwa bado la njano, lakini majani yake yalikuwa yamekufa na joto, kama nilivyosema yatakufa. Akaliweka juu ya meza mbele ya shemeji.

"Udongo ni hii," akasema.

Shemeji alilitazama. "Hii si udongo yake."

"Najua. Ni hii tulipata."

Nilidhani anatafuta tusi. Kumbe alikuwa anatafuta kiti, akakaa, na niliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyozeeka tangu habari ile.

"Mi njo nilimusindikiza mupaka kwa mupaka ya Kongo," akasema, akimtazama yaya peke yake. "Mi njo nilimuambia aende, kule iko kazi. Nikinawa, ni mi nimemufukia."

Yaya alilisogeza kopo karibu naye kidogo, basi.

Shemeji aliegemeza mkongojo ukutani. Akaingiza vidole ndani ya kopo, kwanza viwili, kisha mkono wote, akaushika ule udongo mweusi, akaufinya, mpaka ua likalala upande. Akakaa hivyo.

"Mulete maji," akasema.

Niliingia ndani kuchukua beseni. Nilipotoka yaya alikuwa ameshashika jagi, akammwagia yeye mwenyewe, taratibu, mpaka maji yakatoka meupe.